Hadithi Moja, Miisho Miwili

Kila mtambaji wa hadithi ajua kwamba mwanzo ni mali yake, lakini mwisho ana ubia na wasikilizaji. Asemapo "Paukwa" nao wakamwitikia "Pakawa", amekwisha kupewa ruhusa ya kwenda popote apendapo: baharini, mwituni, au katika nyumba ya mfalme. Lakini akikaribia mwisho huanza kuzitazama nyuso za watu waliomzunguka. Akiona zimekunjamana, hushawishika kubadili neno hapa na neno pale, amwokoe aliyekuwa afe, au amwue aliyekuwa aokoke. Je, msomaji, afanyapo hivyo hutenda haki au hukosa? Nataka tulitafakari swali hili pamoja kwa kuiangalia kazi ya mwongozaji mmoja wa filamu, Mwingereza aitwaye Adrian Lyne. Yeye aliulizwa swali hili waziwazi, ikambidi ajibu, na jibu lake lilitazamwa na mamilioni ya watu.

Kabla sijaendelea yanipasa kutoa tahadhari. Lyne amejulikana zaidi kwa filamu za ashiki na taharuki, yaani filamu ambazo tamaa ya mwili huwasha moto na hofu huuchochea. Hizo ni filamu za watu wazima, nami simtumi msomaji wangu kwenda kuzitazama. Lakini jinsi hadithi inavyojengwa, na jinsi inavyofungwa, ni elimu imfaayo kila mtu, na kisa chaweza kuhakikiwa kwa adabu hata kama kinahusu watu waliokosa adabu.

Lyne alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Peterborough, akakulia London. Baba yake alikuwa mwalimu katika shule ya Highgate, naye Lyne alisoma hapo hapo. Hakuanza na filamu ndefu. Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa kundi la vijana wa Kiingereza, wakiwamo Ridley Scott, ndugu yake Tony Scott, na Alan Parker, waliojifunza ufundi kwa kutengeneza matangazo ya biashara ya televisheni. Ilikuwa shule ngumu yenye faida kubwa. Mwenye kutengeneza tangazo hupewa muda mfupi sana, na ndani ya muda huo lazima mtazamaji aone, atamani, na aamini. Huko Lyne alijifunza kuutumia mwanga: nuru ipenyayo katika pazia, mvuke, moshi, matone ya maji juu ya uso wa mtu. Lakini shule hiyo ilikuwa na hatari yake pia. Tangazo halina ruhusa ya kumwacha mnunuzi na mashaka. Sharti liishe huku ameridhika. Mtu aliyelelewa na sheria hiyo huenda ikamwia vigumu kuiacha hata apewapo saa mbili za kusema.

Filamu yake ndefu ya kwanza, Foxes, ilitoka mwaka 1980. Ya pili, Flashdance, ya mwaka 1983, ndiyo iliyomtangaza duniani. Inasimulia habari za msichana wa Pittsburgh, mji wa chuma huko Marekani, ambaye mchana huchomelea vyuma na usiku hucheza dansi, naye anatamani kuingia katika shule ya dansi yenye heshima. Wahakiki wengi hawakuipenda. Watu waliipenda mno. Huko Marekani peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 90, na wimbo wake mkuu ukapata tuzo ya Oscar. Lakini utazame ufundi wake. Mwigizaji wake, Jennifer Beals, hakuzicheza mwenyewe dansi zile ngumu. Alichezewa na Marine Jahan, na katika onyesho la mwisho kulikuwa na wengine waliochukua nafasi yake, mmoja wao kijana mwanamume aliyejua kuzunguka kwa mgongo sakafuni. Mwili mmoja tuuonao ulikuwa miili kadhaa iliyounganishwa na mhariri. Siuiti huo uwongo wa aibu, kwa kuwa filamu zote huishi kwa kukata na kuunga. Nataka tu ukumbuke kwamba mtu huyu alijua tangu mapema kutoa kipande kimoja na kutia kingine bila mshono kuonekana.

Sasa tuifikie filamu iliyompa sifa kubwa kuliko zote, Fatal Attraction, iliyotoka mwaka 1987. Maandiko yake ni ya James Dearden, ambaye alikuwa amekwisha kukisimulia kisa hicho katika filamu fupi ya mwaka 1980. Kisa chenyewe ni hiki. Dan, wakili wa New York, ana mke mwema aitwaye Beth na binti mdogo. Mke anakwenda shamba kwa wazazi wake kwa siku mbili. Katika siku hizo Dan anazini na Alex, mwanamke afanyaye kazi ya kuhariri vitabu. Kwa Dan jambo hilo ni mchezo uliokwisha. Kwa Alex sivyo. Dan anapotaka kuondoka, Alex anajikata vifundo vya mikono. Baadaye anampigia simu asimpe nafasi ya kupumua, anamwambia kwamba ana mimba yake, anaimwagia gari lake tindikali, anamchemsha chunguni sungura wa yule binti, hata siku moja anamchukua mtoto mwenyewe shuleni bila ruhusa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, na hapa janga alilolichuma Dan linaingia jikoni kwake na kukaa mezani pamoja na mkewe na mtoto wake.

Filamu hii ilitengenezewa miisho miwili. Katika mwisho wa kwanza, ule ulioandikwa na kupigwa picha kwanza, Alex anajiua kwa kisu ambacho kina alama za vidole vya Dan. Polisi wanakuja kumkamata Dan kwa kosa la kuua. Beth anapata kaseti ambayo ndani yake Alex alitishia kujiua, na kaseti hiyo ndiyo itakayomwokoa mumewe. Katika mwisho wa pili, Alex anaingia nyumbani mwa Dan na kisu, anamvamia Beth bafuni, Dan anamzamisha majini, na tunapodhani amekufa anainuka tena, ndipo Beth anapompiga risasi. Polisi wanaondoka, na picha ya mwisho tuionayo ni ile ya familia hiyo iliyotiwa katika fremu: baba, mama na mtoto.

Mwaka mmoja, katika chuo cha ualimu nifundishapo, niliwasimulia wanachuo wangu kisa hiki kwa maneno yafaayo darasani, nikawapa miisho yote miwili, nikawaomba wachague. Walio wengi waliinua mikono kwa mwisho wa pili, na kwa furaha. Walisema mwanamke yule amestahili; aliyemchemsha sungura wa mtoto asionewe huruma. Nilikuwa nikiwaandikia hesabu ubaoni wakati mwanachuo mmoja wa kike, aliyeketi nyuma na ambaye hasemi mara nyingi, alipouliza, "Mwalimu, na ile mimba?" Darasa lilinyamaza. Hakuna aliyekuwa ameifikiria. Nakiri kwa haya kwamba hata mimi, niliyekuwa nikikifahamu kisa hicho kwa miaka mingi, sikuwa nimeifikiria. Tulikuwa tumeshangilia kuuawa kwa mwanamke mjamzito, na baba wa kitoto hicho tulikuwa tumemwachia aende zake kwa amani.

Wanachuo wangu hawakuwa wabaya kuliko watu wengine. Filamu ilipoonyeshwa kwa majaribio kabla ya kutolewa rasmi, watazamaji wa Marekani waliona jambo lile lile. Hawakutaka Alex ajiue, walitaka auawe. Kampuni ya Paramount ikakubali kutoa dola milioni 1.3 ili mwisho mpya upigwe picha. Glenn Close, aliyemwigiza Alex, alipinga kwa muda wa majuma mawili. Yeye alikuwa amewauliza madaktari wa magonjwa ya akili juu ya mwenendo wa mwanamke huyo, akamwigiza kama mtu mgonjwa aliyeumizwa. Sasa alitakiwa amwigize kama jinamizi. Mwishowe alikubali. Kwa hesabu za biashara waliombishia walishinda: filamu iliyogharimu dola milioni 14 iliingiza zaidi ya dola milioni 300 duniani, ikatajwa kugombea tuzo sita za Oscar, ingawa haikupata hata moja.

Je, Lyne alikosa? Ni lazima tumtendee haki. Mtambaji asiyesikilizwa si mtambaji, na filamu si shairi ambalo mtu huliandika peke yake usiku kwa gharama ya wino. Tena mwisho ule wa pili umetengenezwa kwa ustadi wa hali ya juu. Mvuke wa bafuni, maji yanayochuruzika kupita sakafu hadi chini, birika linalolia jikoni huku Dan asisikie kelele za mkewe: yote hayo ni kazi ya mtu ajuaye kazi yake. Na kuna hoja nyingine yenye uzito. Katika mwisho wa kwanza Beth hana la kufanya ila kuokota kaseti. Katika wa pili anajitetea mwenyewe na nyumba yake. Kuna watazamaji walioona heshima katika jambo hilo, nami siwacheki.

Hata hivyo nasema kwamba alikosa, na shahidi wangu ni filamu yenyewe. Mapema katika kisa, Dan na Alex wanazungumza juu ya opera ya Puccini, Madama Butterfly, ya mwaka 1904, ambayo ni habari ya mwanamke aliyeachwa na mwanamume, akajiua kwa kisu. Baadaye kuna onyesho la kimya ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote. Dan yuko nje na mkewe na marafiki, wanacheka na kucheza. Alex ameketi sakafuni peke yake, muziki wa opera ile unalia, naye anaizima taa na kuiwasha, anaizima na kuiwasha. Hakuna neno linalosemwa. Hapo twaonyeshwa mtu anayezama mbele ya macho yetu. Maonyesho hayo mawili yalipandwa kama mbegu, ili mwisho wa kwanza uwe mavuno yake. Mwisho ulipobadilishwa, mbegu zilibaki ardhini. Mtazamaji makini anabaki akijiuliza opera ile ililetwa kwa sababu gani, na jibu ni kwamba ilikuwa njia ya kwenda mahali ambapo hatukupelekwa.

Kosa la pili ni la haki, wala si la ufundi. Katika sehemu ya kwanza ya filamu tunajua vizuri ni nani aliyeanza. Dan si mtoto. Aliichagua dhambi yake kwa hiari, kisha akataka isiwe na bei. Katika mwisho wa kwanza anailipa bei hiyo kwa pingu na hofu, mbele ya mkewe. Katika mwisho wa pili hasara yote inatupwa juu ya mgonjwa, naye Dan anarudishwa katika fremu ya picha kana kwamba hakuna alilotenda. Wenye kuitetea filamu husema inafundisha wanaume wasitoke nje ya ndoa. Mimi naona inafundisha jambo baya zaidi: kwamba ukikosa, na aliyeumizwa na kosa lako akapandwa na wazimu, wewe unageuka kuwa mwenye kuonewa. Glenn Close mwenyewe, ambaye mwaka 2010 alishiriki kuanzisha chama cha kupigana na aibu wanayotiwa wagonjwa wa akili, amesema hadharani kwamba leo angemtazama Alex kwa jicho jingine. Tunaweza kuwa na sungura aliyechemshwa na huruma kwa pamoja. Hadithi nzuri huviweza vyote viwili. Umati wenye hasira hauwezi.

Baada ya hapo maisha ya kazi ya Lyne yalikuwa ya kwenda na kurudi, kama mtu anayejibishana na nafsi yake. Mwaka 1990 alitoa Jacob's Ladder, isiyo filamu ya ashiki bali ya vita na mauti. Askari aliyerudi kutoka Vietnam anaona viumbe vya kutisha katika mitaa ya New York, na mwishoni tunajua kwamba hakurudi kamwe: yote tuliyoyaona yalipita katika akili ya mtu anayekufa. Ili kupata vile vichwa vinavyotikisika kwa namna isiyo ya kibinadamu, Lyne aliwapiga waigizaji picha kwa mwendo wa polepole wa kamera, kisha picha zikaonyeshwa kwa mwendo wa kawaida. Huo ni mwisho usiompendeza mtu, na haukubadilishwa. Filamu hiyo haikuchuma kama ile ya mwaka 1987. Mwaka 1993 akarudi kwenye utamu: katika Indecent Proposal tajiri anawapa mume na mke dola milioni moja ili alale na mke usiku mmoja. Swali ni zito, lakini jibu lake ni jepesi, kwa sababu tajiri anamwachia mke huyo mwenyewe, na wenye ndoa wanarudiana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Lakini mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 61, alitengeneza filamu ambayo naiona kuwa jibu lake la kweli. Ni Unfaithful, iliyotokana na filamu ya Mfaransa Claude Chabrol ya mwaka 1969. Safari hii mkosaji ni mke, Connie, aliyeigizwa na Diane Lane. Mume wake, Edward, anaijua habari hiyo, anakwenda kwa kijana aliyemharibia nyumba, na katika dakika moja ya ghadhabu anamwua kwa kumpiga na zawadi ambayo yeye Edward alikuwa amempa mkewe. Katika filamu hii hakuna jinamizi. Kuna watu watatu, na kila mmoja tunamwelewa. Kuna onyesho Connie akirudi nyumbani kwa gari la moshi baada ya kosa lake la kwanza. Hasemi neno. Uso wake unacheka, unalia, unaona haya, unatabasamu tena, yote kwa dakika chache, nasi tunaijua hali yake kuliko kama angetoa hotuba. Diane Lane alitajwa kugombea Oscar kwa kazi hiyo.

Mwisho wake utazame kwa makini. Ni usiku. Mume na mke wamo ndani ya gari, mtoto wao amelala kiti cha nyuma. Wananong'ona juu ya kukimbilia nchi nyingine. Gari limesimama penye taa za barabarani, na hapo karibu ni kituo cha polisi. Taa inageuka kijani. Gari haliondoki. Filamu inaishia hapo. Hatuambiwi kama Edward atashuka kwenda kuungama au atakanyaga mafuta akimbie. Mtoto aliyelala nyuma ndiye atakayelipa, kwa njia yoyote watakayoichagua. Linganisha picha hiyo na ile ya familia katika fremu ya mwaka 1987. Zote mbili zina baba, mama na mtoto. Ile ya kwanza inatuambia turudi nyumbani tukalale. Hii ya pili haitupi usingizi. Mwongozaji yule yule, baada ya miaka 15, aliweza kuliacha swali wazi mikononi mwetu akaondoka.

Kisha Lyne alikaa kimya kwa miaka 20. Filamu iliyofuata, Deep Water, ilitolewa mwaka 2022, nayo huko Marekani haikupelekwa katika majumba ya sinema bali ilionyeshwa kwa njia ya intaneti. Ilitokana na riwaya ya Patricia Highsmith ya mwaka 1957. Katika riwaya, mume mwenye wivu anamwua mkewe na kukamatwa. Katika filamu, mke anagundua kwamba mumewe ni mwuaji, anauteketeza ushahidi kwa moto, na anabaki naye. Msidhani nalaumu kila badiliko. Msanii ana haki ya kubadili alichokiazima. Wazo la mke kunyamaza lina ubaridi wa kutisha, na lingeweza kuwa zuri kuliko la riwaya. Ila hatukuandaliwa. Hatukupewa kuijua nafsi ya mke huyo kama tulivyoijua ya Connie katika gari la moshi, na kwa hiyo anapochoma ushahidi tunashangaa tu, hatuelewi. Mwisho mgumu nao wataka mbegu zake, kama ule laini.

Hiyo ndiyo kazi ya Adrian Lyne, au sehemu yake iliyonifaa katika hoja yangu. Wengine watakuambia kwamba mtu huyu alikuwa fundi wa tamaa tu, na hakuna la kujifunza kwake. Usikubali haraka. Alijua nyuso, alijua ukimya, na alijua kwamba nyumba ya mtu huvunjika kwa mambo madogo kabla ya kuvunjwa na makubwa. Upungufu wake ni kwamba siku watu walipompigia kelele kuliko siku zote, aliwasikiliza wao akaacha kuisikiliza hadithi yake mwenyewe.

Nawe, msomaji, siku moja utasimulia hadithi, iwe kwa kalamu, iwe jukwaani, iwe mbele ya darasa kama mimi. Ukifika mwisho jiulize ulipanda nini mwanzoni, na kama unachokivuna ndicho ulichokipanda. Na ukiwa miongoni mwa wasikilizaji, ukajikuta unashangilia mtu fulani aangamizwe, nyamaza kidogo uwahesabu waliomo ndani ya hadithi. Tangu siku ile, kila nisimuliapo kisa darasani, humtazama kwanza yule aketiye nyuma asiyesema mara nyingi, maana huenda yeye amemwona mtu ambaye sisi sote tumemsahau.